Mashada ya Malimau

Ilikuwa miaka ya Mjerumani, wakati reli ilipokuwa inajengwa kuelekea Dodoma. Sisi tulikaa Mpwapwa, karibu na kijito. Mwezi wa Krismasi ulikuwa umekaribia, na mvua ya kwanza ilikuwa bado.

Mashamba yalikuwa yamefyekwa. Majembe yalikuwa yametiwa mipini mipya. Kila asubuhi nilitoka nje ya tembe langu nikatazama mlimani. Mawingu yalikuja, yakasimama, yakaondoka. Nilirudi ndani. Kisha nilitoka tena.

"Baba, kaa chini," alisema binti yangu Loisi. "Mvua haiitwi kwa kutembeatembea."

"Wala haiji kwa kukaa," nilimjibu.

Sisi ni Wagogo. Mvua ya kwanza ikilowesha ardhi, mtu hupanda mtama siku hiyo hiyo. Akichelewa, atalia njaa.

Mwaka uliotangulia mvua hiyo ilinikuta mbali. Wakubwa walitukamata tukawabebee mizigo. Mke wangu Anyesi alipanda shamba zima peke yake, na homa mwilini. Niliporudi, mtama ulikuwa umeota, na yeye alikuwa kaburini. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyeniuliza habari zake. Tangu hapo nilibaki na Loisi tu.

Asubuhi moja akida Khamisi alifika juu ya punda, na askari nyuma yake. Akida ndiye aliyetutawala kwa niaba ya Wajerumani. Hakushuka. Alitoa mfukoni kipande kimoja cha tunda kilichokauka. Kilikuwa cha mviringo, chembamba, kama gurudumu dogo. Alikiinua, na mwanga ukapita katikati yake.

"Mnaona?" alisema. "Mke wa bwana mkubwa wa reli anataka mti wa Krismasi upambwe kwa vitu kama hivi, kama kwao Ulaya. Kila nyumba yenye mlimau ilete shada moja la vipande vya limau, vilivyotungwa kwenye kamba. Liwe refu kama mtu."

"Tunda linakaushwaje mpaka liwe hivyo, bwana?" nilimwuliza.

"Kwa jua. Jua hamna?"

"Jua la mwezi huu lina mawingu."

"Sikuja kusikiliza habari za mawingu. Shada likiwa bovu, au lisipofika, mwenye nyumba atakwenda kwenye tuta la reli. Atachimba mpaka mvua ziishe."

Alimgeuza punda wake akaenda kwa jirani. Ndivyo walivyo. Kuamuru wanajua. Kuonyesha hawajui.

Loisi alinitazama. Nilijua anachofikiri. Mvua ingenyesha mimi niko kwenye tuta. Shamba lingebaki mikononi mwake, kama lilivyobaki mikononi mwa mama yake.

Tuliangua malimau siku hiyo hiyo. Tuliyakata vipande vinene, kama tunavyokata boga la kupika. Kisha tulivipandisha juu ya paa. Paa la tembe ni la udongo, tena ni bapa. Kiangazi chote sisi huanika mboga ya mlenda huko juu, na haiharibiki. Tuliona malimau nayo yatakauka vivyo hivyo.

Lakini kiangazi kilikuwa kimekwisha. Jioni manyunyu yalianza, yasiyotosha kupandia. Loisi alipanda mbio akavifunika vipande kwa ngozi ya mbuzi. Tulivifunika hivyo kila manyunyu yalipoanguka. Siku tuliyofunua ili kuangalia vizuri, tulikuta vipande vimeota manyoya ya kijani. Chini vilikuwa vimeshikana na udongo.

"Vimeoza, baba."

"Naona. Nina macho."

Nilishuka. Nilikwenda kijitoni, nikarudi. Nilikwenda tena, nikaangua malimau mengine. Safari hii tulivitundika vipande ndani, juu ya moto. Nilichochea kuni mbichi. Moshi ukajaa nyumba nzima. Vipande vikawa vyeusi kwa nje, na ndani bado vilikuwa majimaji. Vilinuka kama beberu.

Loisi alinusa kimoja akacheka, ingawa machozi ya moshi yalikuwa yanamtoka. "Mama wa Kizungu atadhani tumemletea nyama."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nazunguka tu, mlangoni na jikoni, jikoni na mlangoni.

"Wakikuchukua, nitapanda mwenyewe," alisema Loisi. "Nina nguvu."

"Mama yako alisema hivyo hivyo."

Akavigeuza vipande juu ya moto.

Mara tukasikia hodi. Alikuwa Mwamvua, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Yeye ni Mrangi wa Busi, Mwislamu. Mumewe alikuwa akiuza chumvi. Tulimwita Mama Msafiri kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuja kuomba moto, akiwa na kigae cha kubebea makaa mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema Loisi.

"Marahaba, mwanangu. Baba Loisi, mnamchoma nani humu?"

"Karibu," nilisema. "Tunachoma Krismasi."

Mwamvua aliingia akakohoa. Alichukua kipande kimoja cheusi. Alikibonyeza kwa kidole, maji yakatoka.

"Hiki hakijakauka," alisema. "Kimepakwa masizi tu. Na vile vingine nilivyoviona kwenye jalala?"

"Tulivianika juu ya paa, kama mlenda."

"Ah, Mgogo na paa lake. Paa lenu lilikuwa limeloa, Baba Loisi. Ulivilaza kwenye godoro la maji, ukavifunika blanketi la ngozi. Ukungu unataka nini zaidi? Unapenda majimaji na mahali pasipo hewa. Ukiyaondoa hayo mawili, hauoti."

"Wewe umejuaje mambo ya malimau?"

"Kwetu Busi tunaanika kila kitu. Viazi, kunde, bamia, maembe. Kitu kisichokaushwa vizuri, utakila na funza. Lete malimau mengine."

"Yamebaki machache."

"Basi tusiyaharibu. Tena usisimame mlangoni, unaniziba mwanga."

Tulikaa, tukafanya kazi kama alivyotuonyesha. Kwanza alichagua malimau magumu, yasiyo na jeraha. Aliyapangusa yakakauka. Alinoa kisu juu ya jiwe, akakata vipande vyembamba, nusu ya unene wa kidole chake cha mwisho.

"Vyote viwe sawa," alisema. "Kimoja kikiwa kinene, kitakawia kukauka, kitaviozesha vingine."

Loisi alitoa mbegu kwa mwiba wa mgunga. Mwamvua alikandamiza kila kipande ndani ya kitambaa safi, polepole, ili maji yanywewe. Mimi nilifunga uchanja wa fito nje, wenye miguu mirefu hadi kiunoni. Tuliutandika mkeka mkuukuu wenye matundu.

"Sasa hewa itapita juu, na chini nayo itapita," alisema Mwamvua. "Vipande visigusane. Jua likiwaka, vigeuzeni. Jua likianza kushuka, viingizeni ndani. Msingoje umande."

"Na mawingu yakija?" niliuliza.

"Mawingu yakija, vitieni juu ya makaa. Makaa, siyo moto. Usione moshi wala ulimi wa moto. Weka mkono wako pale. Ukiweza kuuacha bila kuuondoa, joto linatosha. Ukiungua, malimau nayo yanaungua."

Nilitazama juu. Wingu lilikuwa limekaa mlimani kama mtu asiyetaka kuaga. Nilivigeuza vipande. Nikavigeuza tena.

"Baba Loisi, viache vipumue," alisema Mwamvua. "Utavichosha."

Wakati huo jirani yetu Gideoni alipita. Naye ana mlimau. Alisimama akashika kiuno.

"Leo Mwislamu anawafundisha Wakristo Krismasi," alisema. "Dunia imegeuka."

"Krismasi yenu siijui," Mwamvua alimjibu. "Limau ninalijua. Na yako yameshakauka, Gideoni?"

"Yangu yameota ndevu kuliko mimi."

Alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Akaenda zake. Nilimwacha aende. Sikumwita. Nilifikiri moyoni kwamba akida akimpata Gideoni, huenda atatosheka, asinitafutie kosa mimi.

Mwamvua aliniona. "Mbona humwiti?"

"Kila mtu na mlimau wake."

"Gideoni ana mke?"

"Anaye. Ruthu."

"Haya. Basi Ruthu naye atapanda peke yake."

Alisema hivyo huku anapanga vipande. Hakuniangalia. Kisha niliinuka nikamfuata Gideoni mpaka kwake. Kabla ya jioni alikuwa na uchanja wake, na Ruthu alikuwa anakata malimau. Ruthu naye aliwaonyesha jirani zake wa upande wa juu. Akida alipita njiani, akaona uchanja katika kila uwanja. Hakuuliza kitu.

Siku zile sikukaa kitako. Jua likitoka, tulitoa. Wingu likija, tuliingiza. Nililala nikisikiliza paa. Vipande vilianza kujikunja kidogo. Rangi yake ikawa ya asali. Nilitaka kuvifunga haraka ndani ya kibuyu, lakini Loisi alinizuia.

"Mama Msafiri alisema tupime kwanza."

Alichukua kipande akakikunja. Hakikunata. Alikibonyeza katikati kwa ukucha. Hakikutoa maji. Alikiinua juu, mwanga ukapita.

"Sasa viache vipoe," alisema. "Ukifunga vitu vikiwa na joto, vitatoa jasho ndani, vitaota ukungu tena."

Vilipopoa, tulivitunga. Tulisokota kamba nyembamba ya gome la mbuyu. Baada ya kila kipande Loisi alifunga fundo, ili visisongamane. Katikati alitia mbegu nyekundu za porini. Niliwaza kuhusu mbuzi na watoto wa jirani, nikalitundika shada juu, penye hewa, mahali wasipofika. Mbegu nyingine za porini zina sumu, na pambo siyo chakula.

Siku ya kupeleka ilifika. Mawingu yalikuwa meusi toka alfajiri. Tulikwenda kwa miguu hadi kambi ya reli, mimi na Gideoni na wenye milimau wengine. Niliona wingu limeshuka chini kuliko siku zote, nikaongeza mwendo.

Akida alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya turubai. Alilishika shada langu. Alilinusa. Alibonyeza kipande kimoja, kisha kingine. Alitafuta kosa kama mtu anayetafuta chawa. Nilisimama. Mguu mmoja ulitaka kukimbia, na mwingine ulitaka kungoja.

"Zuri," alisema mwisho. "Si nilikwambia? Ni jua tu."

Jibu nilikuwa nalo. Lilinifika kooni. Lakini tone moja la mvua lilinipiga begani, kisha jingine. Nililimeza jibu langu.

"Nyumba zote zimeleta?" aliuliza akida.

"Zote, bwana," alisema Gideoni.

Akida alitazama mashada yote, moja baada ya jingine. Hakupata la kukataa. "Kaeni basi. Mtaona mti ukipambwa."

"Samahani, bwana," nilisema. "Ardhi inalowa."

Tuliondoka mbio, watu wazima wote, kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Gideoni alianguka kwenye matope, akainuka anacheka. Nilipofika nyumbani, Loisi alikuwa ameshatoa mbegu na majembe mawili. Yeye alifukua mashimo, mimi nilitia mtama na kufukia kwa mguu. Tulipanda mpaka hatukuweza kuonana vizuri kwa mvua.

Kesho yake nilikwenda ng'ambo ya kijito na jembe langu. Nilimlimia Mwamvua. Alinipa uji, akanitania kwamba mistari yangu imepinda kama njia ya ng'ombe.

Uchanja sikuuvunja. Mboga za kunde zilipokuja, Loisi alianika juu yake. Baadaye alianika maembe, vipande vyembamba, vilivyopata hewa chini na juu. Akiba hiyo tuliila kiangazi, wala haikuingia funza. Nyumba nyingi za kijitoni zina uchanja sasa. Hakuna mkubwa aliyetuamuru.

Na ule mti sikuuona. Waliouona wanasema ulipendeza, na malimau yaling'aa kama taa ndogo. Mimi siku ya Krismasi, baada ya ibada, nilikuwa shambani. Mtama ulikuwa umechomoza. Nilikuwa napalilia, na kwenye mstari wa pili alikuwepo binti yangu, mzima.