Unga Ndani ya Rangi Mbili

Kila alfajiri Nyanzala alianza siku yake kwa kupiga chafya. Alirundika kinyesi kikavu cha ng'ombe na majani mabichi mlangoni pa zizi, akapuliza moto mpaka moshi ukatanda, kwa sababu bila moshi ule ndorobo, wale mbung'o wanyonya damu, wasingewaacha ng'ombe wasimame hata dakika moja. Ndorobo wa pori la Ugalla hawana adabu. Unamfukuza shingoni anahamia mgongoni, unampiga kofi anaruka zake kana kwamba umempapasa, na akikuchoma, hata kupitia shati, utapiga kelele upende usipende.

Baada ya moshi alinawa mikono, akachota maji ya kunywa na kumpelekea mama yake dawa. Mama yake, Monika, ambaye kwa Kisukuma alimwita mayu, alikuwa amejikata mguu kwa jembe wiki iliyopita, na kidonda kikaota usaha. Nesi Paskalia wa zahanati alimpa vidonge vya rangi mbili, vile vyenye nusu nyekundu na nusu njano. Kazi ya kuvitoa alipewa Nyanzala, kwa kuwa alikuwa darasa la tano na ndiye pekee pale nyumbani aliyeweza kusoma maandishi ya bahasha: viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Shule haikuwa mbali, hivyo hata mchana alikuja kula na kumpa mama dawa.

"Daktari wangu amefika," mama alimtania kila mara, akafungua kiganja bila hata kutazama kilichowekwa humo.

Mguu ulikuwa umeanza kupoa. Jambo lililomnyima Nyanzala raha ni ng'ombe. Baba yake, Machibya, alikuwa ameswaga ng'ombe kumi na wanane kutoka Shinyanga kutafuta malisho. Ugonjwa wa ndorobo ulikuwa umewala mmoja baada ya mwingine mpaka wakabaki saba, wakiwemo maksai wawili wa kulimia, Mweusi na Madoa. Juzi jioni, wakati wa kula, Nyanzala alimsikia baba akitamka maneno aliyokuwa akiyaogopa.

"Hawa wawili nao wakifa, tunahama. Hapa si mahali pa watu wenye mifugo."

Kuhama! Tayari alikuwa amebadilisha shule mara mbili, na kila alikokwenda alirudishwa darasa nyuma. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alikaa dawati moja na watoto wa miaka kumi. Tangu siku ile hakutulia. Akiandika alisimama, akisimama alikaa, na mwalimu akamuuliza kama ana siafu kwenye sketi.

Jumatano ile alikuja shuleni Bwana Silvesta, mtaalamu wa kudhibiti ndorobo, ambaye wilaya nzima ya Mpanda walimwita Bwana Ndorobo, naye aliitika bila kununa. Kazi yake ilikuwa kutundika porini mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi na kuhesabu ndorobo walionaswa. Alikuwa na chupa ya glasi yenye ndorobo mmoja hai ndani.

"Huyu ni mama," alisema akiinua chupa. "Hatagi mayai kama nzi wa chooni. Anabeba buu mmoja tumboni na kumlisha maziwa humohumo ndani."

Darasa zima liliangua kicheko. Ndorobo na maziwa!

"Chekeni tu. Lakini huyu hali kitu kingine maisha yake yote, ni damu tupu, na damu peke yake haimtoshi. Ina upungufu wa vitamini fulani. Sasa nani anamtengenezea? Bakteria. Ni viumbe wadogo mno, hata jicho haliwaoni. Wameumbiwa chumba chao kwenye utumbo wake. Yeye anawapa makao na chakula, wao wanampa vitamini. Na buu wake anawapata bakteria hao kupitia maziwa ya mama."

Nyanzala aliinua mkono kabla hajaambiwa. "Na bakteria wakifa, mwalimu?"

"Swali zuri. Ndorobo hafi palepale, ila anakuwa tasa. Hazai tena. Kuna wataalamu waliowapa sungura dawa ya kuua bakteria, kisha wakawaachia ndorobo wanyonye damu ya wale sungura. Ndorobo wakaacha kuzaa."

"Dawa gani?"

"Kama hizi za rangi mbili za zahanati. Lakini ngojeni, hapo kuna..."

Kengele ya chakula cha mchana ikalia. Bwana Silvesta alipaza sauti kwamba hajamaliza, lakini Nyanzala alikuwa wa kwanza kutoka mlangoni. Yeye alikuwa ameshasikia alichokitaka. Rangi mbili zilikuwa nyumbani, kwenye kopo, rafu ya juu ya kabati, na ufunguo alikuwa nao yeye!

Njia nzima alipanga mambo yake mwenyewe. Madoa ndiye aliyeliwa na ndorobo kuliko wote. Angempa Madoa dawa, ndorobo wote wanaomnyonya wangekuwa tasa, na mpaka mvua zijazo Ugalla ingekuwa na ng'ombe kuliko nyasi. Kuhusu mama, mguu si umeanza kupona? Siku chache bila dawa zingemdhuru nini?

Alhamisi mchana, mama akiwa amelala, alilishusha kopo. Alivivuta vidonge vyote vilivyobaki kimoja kimoja, nusu nyekundu huku na nusu njano huku, akamwaga unga wa dawa kwenye pumba zenye chumvi. Madoa alilamba karai lote mpaka likang'aa. Maganda matupu Nyanzala aliyajaza unga wa mahindi, akayafunga vizuri, akayafuta kwa kanga na kuyarudisha koponi. Kisha akamwamsha mama, akampa viwili.

"Asante, daktari," mama alisema, akavimeza.

Nyanzala alitoka haraka nje. Alikuwa amedhani kwamba atafurahi, lakini akarudi shuleni bila hata kula.

Ijumaa Madoa alisimama pembeni peke yake. Wenzake walilala kivulini wakicheua, yeye hakucheua. Jumamosi alikataa majani, akawa anaharisha maji matupu, na ubavu wake wa kushoto ukavimba. Na ndani ya nyumba mama alikuwa amerudi kitandani. Mguu uliokuwa umepoa ulikuwa mwekundu, umejaa mpaka gotini, na mwili wake ulichemka. Nyanzala alikwenda zizini akarudi chumbani, akaenda tena akarudi tena. Mara tatu alifungua mdomo kusema, na mara tatu akaomba maji ya kunywa ambayo hakuyanywa.

"Hebu tulia, mayu anaumwa," baba alimkemea. "Unazunguka kama umepoteza sindano!"

Usiseme kwamba hakuwa na huruma. Alikuwa nayo tele, ila woga wake ulikuwa mkubwa zaidi. Aliogopa fimbo, aliogopa jina la mwizi, na zaidi ya yote aliogopa uso wa mama atakapojua.

Jumapili baba alimwita Bwana Silvesta, naye akaja na pikipiki yake ya kazi na sanduku la dawa. Alimpima Madoa joto, akamfunua jicho, akaweka sikio ubavuni.

"Mzee Machibya, sina uhakika kama huu ni ugonjwa wa ndorobo. Tumbo lake limenyamaza kabisa. Amekula nini?"

"Majani kama wenzake. We mchome tu hiyo sindano ya ndorobo, bwana. La sivyo ninamchinja leo, angalau tupate nyama."

"Sindano ile ni kali. Kama siyo ugonjwa wenyewe, kwa alivyolegea hivi tunaweza kumuua sisi. Nakuuliza tena, hakuna kitu kigeni alichopewa?"

"Hakuna," alisema baba.

Nyanzala alikuwa amesimama pale pale, ameushika mti wa zizi kwa mikono miwili.

Wakati huohuo sauti ya mama ilisikika kutoka ndani, dhaifu. "Nyanzala! Mchana umefika. Dawa yangu."

Baba na Bwana Silvesta wakaingia kumjulia hali mgonjwa. Nyanzala akaingia nyuma yao, akashusha kopo, akatoa viwili. Mama alijiinua kwa kiwiko, midomo imekauka, akafungua kiganja kama siku zote. Hakuvitazama vidonge. Alimtazama binti yake, akajaribu kutabasamu.

"Lete, daktari."

Kile kiganja kilikuwa cha moto kama sufuria. Nyanzala alikigusa, na hapo akashindwa. Alikishika kidonge kimoja, akakivuta katikati mbele ya wote. Unga mweupe wa mahindi ukamwagikia sakafuni.

"Ni unga, mayu," alisema, na kilio kikamtoka. "Vyote ni unga. Tangu Alhamisi. Dawa nimempa Madoa."

Baba aliuokota unga kwa kidole, akauonja, akamtazama mwanawe kama anamtazama mtoto wa jirani. Mkono wake ulikwenda kwenye mkanda.

"Mzee, adhabu itangoja, mguu hautangoja," Bwana Silvesta alisema haraka. "Nisaidie kumpandisha mama kwenye pikipiki. Nyanzala, vilikuwa vingapi?"

"Ishirini na viwili. Vyote kwa pamoja."

"Basi sasa najua. Usimchinje Madoa, mzee, wala hahitaji sindano yangu. Ndani ya tumbo la ng'ombe nako kuna bakteria, kwa mamilioni. Ndio wanaomsaidia kusaga majani. Dawa imewaua bakteria wake, amebaki na tumbo lililojaa majani lisilo na mtenda kazi. Anahitaji wapya kutoka kwa ng'ombe mzima."

Baba alisimama ghafla. "Cheuo! Marehemu baba alifanya hivyo kule kwetu. Ng'ombe akikataa kucheua, unachukua cheuo kutoka kinywani mwa mwenzake unampa. Hakutuambia kwa nini."

"Ndiyo sababu yenyewe. Kimbieni!"

Pikipiki ilipotea vumbini, mama ameshikilia kiuno cha Bwana Silvesta, mguu umefungwa kanga. Nyanzala alitamani kuikimbilia, lakini baba alimwita zizini kwa ukali. Walimkuta Mweusi amelala akicheua kwa raha zake. Baba alimshika taya, akaingiza mkono, akatoa tonge la majani lililosagika. Nyanzala alilipokea kwa karai. Likafuata la pili, na la tatu, na Mweusi akiwatazama kwa uchungu wa mtu aliyenyang'anywa chakula mdomoni. Kisha binti alikishikilia kichwa cha Madoa kwa nguvu zake zote huku baba akisukuma tonge moja moja mpaka kooni.

"Nimekosa, baba," alisema.

"Umekosa sana," baba alijibu. "Shikilia kichwa."

Walirudia jioni, na tena asubuhi. Nyanzala hakuweza kula wala kukaa. Jumatatu mchana Madoa alinyoosha shingo, kitu kikapanda kooni mwake, na taya zikaanza kuzunguka polepole. Anacheua! Nyanzala alilia tena, na safari hii hakujua kama ni furaha au hofu, maana habari za mama zilikuwa bado.

Zilikuja jioni na Bwana Silvesta. Nesi Paskalia alikuwa ameufungua mguu, akausafisha, na kumchoma mama sindano. Joto limeshuka.

"Nesi amesema siku mbili zaidi na tungekuwa tunazungumzia kuukata mguu," alisema, akakaa juu ya kinu. "Kama siyo kuzungumzia mazishi. Haya, sasa sikia yale uliyoyakimbia siku ya kengele. Wale sungura walikuwa ndani ya maabara, na ndorobo wao hawakuwa na pa kwenda. Ndorobo wako leo amemnyonya Madoa, kesho anamnyonya nyati, keshokutwa ngiri. Utawapa nyati wote rangi mbili? Dawa ya zahanati ni ya mgonjwa aliyepimwa, na anaimaliza yeye mwenyewe. Kosa langu ni kwamba sikuwakimbilia nyie ili msikilize mpaka mwisho. Kosa lako unalijua."

"Ninalijua," Nyanzala alisema.

"Basi mtego wangu wa kwanza wa hapa kijijini utatundikwa malishoni kwenu, na wewe utahesabu ndorobo kila Jumamosi. Mzee amekubali kuona mvua hizi kabla ya kufikiria kuhama."

Fimbo hakuchapwa. Lakini wiki nzima baba hakumwachia ufunguo wa kabati, na hilo lilimchoma kuliko fimbo.

Mama alirudi siku ya nane, amekaa nyuma ya baiskeli ya baba, mguu umefungwa bendeji safi. Alikuwa na bahasha mpya ya rangi mbili za kumalizia matibabu. Baba alinyoosha mkono kuipokea. Mama akampita, akaiweka kwenye mkono wa Nyanzala.

"Soma imeandikwa nini."

Nyanzala alisoma kwa sauti ya kukwaruza. "Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Mpaka viishe."

"Mayu, usinipe mimi," aliongeza akiinamisha kichwa. "Mpe baba."

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema. "Mimi sijui kusoma, na ndani ya kidonge sioni. Siku zote nilimeza kwa sababu umenipa wewe. Ulitaka kutusaidia, najua, lakini ukatusaidia kwa uongo, na uongo ule nusura uniue mimi na ng'ombe pamoja. Ukiwa na wazo, liseme kwa mdomo. Ukikosea, sema mapema, siyo mpaka mtu azidiwe. Na mimi nikikuogopa kuanzia leo, nani atanisomea? Haya, mchana umefika."

Akafungua kiganja. Nyanzala alitoa vidonge viwili, akaviweka humo. Mama alivimeza vyote kwa mkupuo mmoja wa maji, bila kuvitazama.