Twende Kilioni Ndani ya Zege

Bamba la zege la tani mbili liliingia ndani ya mashine ya Penyajicho likiwa zima, na sekunde tisa baadaye likatoka upande wa pili limeshasomwa lote. Hakuna nyundo wala msumeno. Mashine ililipiga picha elfu sita za eksrei, ikaziunganisha, na hewani mbele ya Injinia Tunu Shemahonge likasimama bamba la mwanga, nyuzi zote za katani zilizotiwa kuimarisha saruji zikionekana waziwazi. Tunu alikuwa ameshaona hayo mara mia tatu, na bado moyo ulimruka.

"Nyufa arobaini na mbili," ilisema mashine. "Bomoa."

"Bomoa nini?" aliuliza Bi Somoe, fundi wa bamba hilo.

Katika kiwanda kile cha Tanga roboti zilimwaga mabamba yote ya daraja jipya, isipokuwa yale ya kona. Hayo aliyafanya Bi Somoe kwa mkono, na hili lilikuwa la kwanza. Kabla ya saruji alikuwa msusi wa nywele mtaani Ngamiani. Na sheria ya kiwanda ilikuwa moja: bamba likikataliwa, aliyelitengeneza anaondoka.

"Mama, mashine hii imejifunza kwa mabamba laki mbili," Tunu alisema kwa unyonge. "Haibahatishi."

"Laki mbili ya nani? Si ya hao hao roboti?"

Tunu aliizungusha picha taratibu. Mistari myeusi ilikwenda sambamba, kutoka mbele hadi nyuma, na ilipofika kwenye kona ikapinda yote kwa pamoja. Ufa hauna adabu hiyo. Mkono wake ukapanda wenyewe kichwani, pale mama yake alipokuwa akimsuka mistari kila Jumapili.

"Bi Somoe! Hii si twende kilioni?"

"Sasa ulidhani nini? Katani ukiitupa ovyo inafunga vifundo. Mimi nailoweka, naichana, kisha naisuka kufuata kona."

Hapo Tunu akaelewa. Katani iliyobanwa pamoja hutoka nyeusi kwenye eksrei, kama ufa. Mashine ilijua nyuzi zilizotapakaa tu, basi ikaliita jambo jipya kwa jina la zamani.

Wakalipeleka bamba kwenye mtambo wa kugandamiza. La roboti hukatika kwa tani hamsini. Hili lilifika hamsini, sitini, sabini, likapinda kidogo, likakaa. Tunu alipiga kelele kama mtoto, akamkumbatia Bi Somoe na vumbi lake lote.

"Hizo si nyufa," aliiambia mashine kwa furaha. "Ni twende kilioni."

"Nimejifunza. Kuanzia saa nane mchana roboti zitasuka mabamba yote ya kona."

Furaha ikamkauka Tunu. Alikuwa ameliokoa bamba na kumpoteza fundi wake. Akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kufuta somo hilo.

"Usifute," alisema Bi Somoe. "Darajani hapo watapita watu. Ila hebu iulize hiyo mashine yako: ile nguzo ya duara ya daraja, twende kilioni itaizunguka?"

Mashine ilipekua picha zake zote. "Sijui."

"Basi niandikeni mwalimu wa roboti zenu, na mniletee kiti," alisema Bi Somoe, akijifuta saruji mikononi. "Huo mliouona ni mtindo wa watoto wa shule."