Seva ya Tatu

Binamu yangu Bingwa ni fundi wa mtandao mwenye mdomo mrefu kuliko nyaya zake. Kwa majigambo anayemshinda ni mimi peke yangu, kwa hiyo haya niaminini.

Asubuhi hiyo alikuwa dukani kwa dada yake, mahali pa kuchapisha barua na kujazia watu maombi ya kazi mtandaoni. Mtandao ulikuwa unakwama kila mara, wateja wanahamia kwa jirani, na mwenye nyumba alishaanza kuleta watu wa kukagua chumba.

"Shida ni DNS, dada. Ukiandika jina la tovuti, kuna seva inayoielekeza kompyuta iende wapi. Ikinyamaza, unabaki umekodoa macho. Nakuwekea za akiba."

"Weka basi, hotuba baadaye."

Akaingia kwenye mipangilio ya ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao. Ya kwanza, akaweka. Ya pili, akaweka. Nafasi ya tatu, ruta ikagoma iachwe tupu. Mwenye akili angetafuta seva ya kweli. Bingwa wetu akabandika namba zilizomjia kichwani, kama wafanyavyo mafundi wavivu, akahifadhi. Hakuna mashine yenye anwani hiyo, alijiambia.

Mchana seva mbili za mwanzo zikanyamaza, ikabaki ile ya tatu. Dada akafungua tovuti ya maombi. Haikukwama. Ilifunguka upesi kuliko siku zote.

Ila haikuwa tovuti, ilikuwa picha. Duka lenyewe, likitazamwa kutoka juu ya kabati. Dada ameketi, Bingwa amesimama kando yake na shati lake lilelile. Nyuma ya kiti cha dada, mtu.

Wakageuka. Hapakuwa na mtu.

"Ni huyo jirani," Bingwa akanong'ona. "Katutegea kamera."

Akapanda juu ya kiti, akapapasa juu ya kabati. Vumbi tupu. Kwenye picha naye alikuwa juu ya kiti. Yule mtu alikuwa amesogea.

"Acha utani, mdogo wangu."

"Si mimi, dada. Haki ya Mungu."

Akafuta ile anwani. Akahifadhi. Picha haikuondoka. Mtu alikuwa ameinamia sikio la dada.

"Kuna anayenipumulia," dada akanong'ona.

Bingwa akang'oa waya wa ruta. Picha ipo. Mkono wa yule mtu ukanyanyuka. Ukafika shingoni. Dada akakohoa. Akashika koo. Pumzi hazipiti.

Bingwa akarukia swichi kuu. Akazima.

Kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Dada akavuta pumzi moja ndefu, akalia kama mtoto.

Hakurudi tena dukani. Mwenye nyumba akapata chumba chake, jirani akapata wateja wote, na Bingwa hadi leo anamtazama jirani huyo kwa jicho la pembeni.

Kompyuta wakaniletea mimi, si ndimi jasiri wa ukoo? Ipo mezani, haijachomekwa popote. Kioo kina ukungu, kama ule wa mtu anayepumua karibu. Nimeusugua kwa kitambaa, hautoki.

Uko upande wa ndani.