Ngome ya Nane

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Sindano alikuwa akiosha vyombo, akifagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, ndipo anawasha kompyuta. Ilikuwa kompyuta kuukuu aliyopewa na mjomba wake, nayo ilikaa kwenye kona ya chumba cha ushonaji, kati ya pasi na rundo la nguo za wateja. Iliamka polepole kama mtu mwenye mafua. Sindano aliingoja huku akifunga kamba za viatu, mguu mmoja juu ya kiti.

Jina la Sindano alipewa shuleni, kwa kuwa alikuwa mwembamba tena mtoto wa mshonaji. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna mwenzake aliyewahi kulifanya. Wanafunzi wote waliupenda mchezo wa kompyuta ulioitwa Ngome Saba. Mchezaji huvamia ngome moja baada ya nyingine, na akiishinda ya saba, lango kubwa hufungwa na mchezo ukaisha hapo hapo. Kila mtoto alitamani kujua kilichokuwa nyuma ya lango lile. Sindano hakuishia kutamani. Kwa miezi minane alijifunza kuandika programu, akachora kuta, ngazi na mapango, akatengeneza mwendelezo wake mwenyewe. Kisha akauweka kwenye tovuti ya wapenzi wa mchezo ule, yeyote aucheze bure. Aliuita Ngome ya Nane.

Mwisho wa ngome hiyo alisimama mlinzi aliyeitwa Radi. Mchezaji akimkaribia, kioo kizima kilimeta: nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyekundu, upesi kuliko mtu awezavyo kuhesabu. Sindano alijivunia Radi kuliko kitu kingine chochote alichowahi kukifanya.

Sifa zilimiminika. "Umetisha." "Radi kanitoa jasho." "Lini ngome ya tisa?" Sindano alizisoma mara mbili mbili kabla ya kwenda shule, akatembea njia nzima kama aliyekanyaga pamba.

Asubuhi moja alikuta maoni ya mtu aliyejiita Kunguru.

"Mchezo ni mzuri na umeutengeneza kwa bidii. Ila mwanga wa Radi unameta haraka mno, unaumiza. Tafadhali upunguze."

Sindano alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Katika sifa zote zile, macho yake yaliona maneno hayo tu. Akaandika jibu palepale: "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Jifunze kucheza kwanza."

Kufikia jioni watu hamsini walikuwa wamelipenda jibu lake na kumcheka Kunguru.

Siku tatu baadaye Kunguru aliandika tena. "Sikusema kwa ubaya. Mdogo wangu akitazama ule mwanga huduwaa. Macho yake huwa wazi, lakini nikimwita hasikii. Imetokea mara mbili."

Sindano aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama, mkoba mgongoni. Aliyasoma tena, kisha akatazama dirishani, ambako mawingu mazito yalikuwa yameshuka mpaka juu ya mapaa na kuufanya mtaa uwe na rangi ya majivu. Alikwenda shule na maneno yale yakitembea naye.

Wakati wa mapumziko alimweleza rafiki yake, msichana aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Wivu huo," Kasuku alisema akitafuna. "Kashindwa, sasa anatunga hadithi. Leo mdogo wake kaduwaa, kesho utasikia bibi yake kapotea. Futa."

"Na kama ni kweli?"

"Watu wangapi wameucheza?"

"Mia nne na kidogo."

"Wangapi wameduwaa?"

Sindano akacheka, ingawa kicheko hakikufika mbali. Jioni aliyafuta maoni yale. Wiki iliyofuata Kunguru aliandika mara ya tatu. Sindano aliona neno "tafadhali" mara mbili katika mstari wa kwanza, na hakusoma zaidi. Akafuta, kisha akamfungia Kunguru asiweze kuandika tena.

Baada ya hapo palikuwa kimya. Sindano alidhani kimya kile kingempa raha. Badala yake, kila asubuhi alijikuta akishuka chini kwenye ukurasa wa maoni, akitafuta jina ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelifukuza.

Ili kujithibitishia kwamba haogopi, aliongeza kasi ya mwanga wa Radi. Alipokuwa akiujaribu, chumba kizima kiliwaka na kuzima. Mama yake aliondoa mguu kwenye cherehani, akafunika macho kwa kitambaa alichokuwa akikishona.

"Zima hicho kitu, mwanangu. Kinanichoma mpaka kisogoni."

"Ndivyo kinavyotakiwa, mama. Kinatakiwa kutisha."

Mama alimtazama kidogo, akarudi kwenye mshono wake.

Mwishoni mwa muhula, mwalimu wa kompyuta alipanga siku ya kuonyesha kazi za wanafunzi. Sindano ndiye angekuwa wa mwisho, kama kitu kitamu cha baada ya mlo. Meza zilitolewa ukumbini, viti vikapangwa, mapazia yakavutwa ili picha ya projekta ionekane vizuri ukutani. Wadogo wa darasa la nne walikalishwa mbele. Mmoja wao, mvulana mwenye pengo la meno mawili, alimgeukia Sindano akatabasamu.

"Dada, huu ndio ule wa Radi? Nyumbani wamenikataza kuucheza."

"Nani amekukataza?"

"Dada yangu," alisema, kisha mwenzake akamvuta watazame mbele.

Sindano alimkumbuka Kunguru. Angeweza kusimama wakati ule. Angeweza kumwambia mwalimu kwamba kuna hitilafu, waahirishe. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa, mwalimu mkuu alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mikono, na Kasuku alikuwa akimpungia mkono kutoka nyuma. Sindano akaanza kucheza. Alipanda ngazi, akavuka mapango, watoto wakishangilia. Kwa mara ya kwanza tangu autengeneze, alicheza polepole, kama mtu asiyetaka kufika.

Radi alitokea. Ukuta mzima ukaanza kumeta, nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyekundu, na nyuso za watoto zikawa zinaonekana na kupotea, zinaonekana na kupotea. Mkono wa yule mwenye pengo ulianza kurukaruka juu ya goti lake. Mwenzake alicheka akidhani anaigiza. Kisha kiti kikaanguka, na mtoto akaanguka nacho.

"Washeni taa," mwalimu wa kompyuta alisema, na tayari alikuwa amechomoa waya wa projekta. "Sogezeni viti. Wote nyuma."

Mtoto alikuwa akitetemeka mwili mzima, macho yamegeuka juu. Mwanafunzi mmoja alikuja mbio na kijiko, akisema kitiwe kinywani asijing'ate ulimi.

"Hapana. Usimtie kitu chochote kinywani," mwalimu alisema. "Wala msimshike kwa nguvu." Alikunja sweta lake akaliweka chini ya kichwa cha mtoto, akamlegeza kola, akatazama saa yake. Mtetemeko ulipokoma alimlaza kwa ubavu, akabaki amepiga magoti kando yake, akimwita kwa sauti ya chini mpaka mtoto akafumbua macho na kuuliza kwa nini wote wanamtazama.

Mwalimu mkuu alimpeleka mtoto zahanati kwa gari lake. Ukumbi ulipobaki mtupu, mwalimu wa kompyuta alimsogelea Sindano, aliyekuwa bado amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani.

"Usijilaumu," alimwambia. "Wapo watu ambao mwanga wa kumeta huwaletea kifafa, na pengine hata wao hawajui. Mimi nilipaswa kuukagua mchezo kabla. Ila nikuulize, daktari atataka kujua. Kuna mchezaji yeyote aliyewahi kukulalamikia kuhusu mwanga huu?"

Mlangoni, Kasuku alitikisa kichwa taratibu.

"Hakuna, mwalimu," Sindano akasema.

Alirudi nyumbani peke yake. Mama alikuwa amekwenda sokoni kununua nyuzi, na cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Sindano aliwasha kompyuta ili afute kitu kimoja kilichosalia: maoni ya kwanza ya Kunguru na jibu lake la mbaazi. Vikiondoka hivyo, hakuna atakayejua kamwe.

Ukurasa ulipofunguka, aliona namba ndogo pembeni, ambayo huonyesha watu wanaocheza kwa wakati huo. Thelathini na mmoja. Akiitazama, ikawa thelathini na mbili. Watu thelathini na wawili, katika vyumba asivyovijua, walikuwa wakipanda ngazi alizozichora, na kule juu Radi anawangoja. Labda mmoja wao alikuwa peke yake nyumbani. Labda hapakuwa na mwalimu wa kumlaza kwa ubavu. Thelathini na watatu.

Sindano hakufuta maoni. Aliuondoa mchezo wote kwenye tovuti, kisha akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, mpaka mama yake aliporudi na kumkuta.

Alimweleza yote, tangu ile mbaazi hadi lile neno "hakuna". Alipomaliza, mama hakukaa hata kuvua viatu.

"Inuka," alisema. "Maneno hayo si yangu. Twende kwa wenyewe."

Zahanatini walimkuta mwalimu wa kompyuta kwenye benchi la nje. Sindano alisimama mbele yake. "Mwalimu, nilikudanganya. Kuna mtu aliniandikia mara tatu. Nilimcheka, nikamfuta, nikamfungia. Kisha nikauongeza mwanga."

Kabla mwalimu hajajibu, mwanamke kijana aliyekuwa ameketi upande wa pili wa benchi aliinua uso. Alikuwa msusi wa saluni iliyo karibu na shule, bado amevaa aproni, vidole vinang'aa mafuta ya nywele.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mimi ndiye Kunguru."

Sindano alitamani ardhi immeze, lakini ardhi haikuwa na haja naye.

"Unajua nilichokuwa nikifikiri?" msusi aliendelea, na sauti yake haikupanda. "Nilifikiri labda sijui kuandika. Nilipoona umenifuta, nikasema, pengine nimeandika kwa ukali. Mara ya tatu nikamwomba mteja wangu anisaidie kupanga maneno. Nikaweka tafadhali mbili."

"Niliziona zote mbili," Sindano alisema, machozi yakimtiririka. "Nisamehe, dada. Sina la kujitetea."

Msusi alijifuta vidole kwa aproni. Ndani, mtoto alisikika akimwuliza muuguzi kama kuna chakula. "Afadhali umekuja mwenyewe," hatimaye msusi alisema. "Kukusamehe, nitakusamehe. Lakini leo bado moyo unanienda mbio. Niache kwanza."

Daktari alithibitisha kwamba mtoto ana kifafa cha aina inayochochewa na mwanga wa kumeta. Kule kuduwaa nyumbani kulikuwa dalili za mwanzo. Alisema si laana wala si ugonjwa wa kuambukiza, bali una dawa, na mtoto ataendelea kusoma na kucheza kama wengine mradi azinywe dawa hizo na aepuke mianga ya namna ile. Alimtaka mwalimu amweleze vyema kila mwanafunzi, asije mtoto akachekwa.

Sindano alipewa adhabu ya kusafisha chumba cha kompyuta kwa mwezi mzima, nayo hakuilalamikia. Kazi iliyomwia ngumu ilikuwa nyingine. Kwenye ukurasa wa mchezo, uliobaki na maoni tu, aliandika alichokifanya, bila kujipaka asali: nani alimwonya, yeye alijibu nini, na nini kilitokea. Wengi walimsema vibaya, wengine wakamwita mjinga. Hakufuta hata neno moja. Kasuku alimnunia siku nne, siku ya tano akaja, akavuta kiti karibu, akauliza kama kuna sehemu anayoweza kusaidia.

Kwa wiki tano walimtengeneza Radi upya, mwalimu akikagua kila hatua. Sasa mwanga haukumeta tena. Radi alijulikana kwa kivuli chake kinachotambaa ukutani na kwa ngurumo inayokaribia polepole, na wachezaji wa kwanza waliopewa kuujaribu walisema anatisha kuliko zamani. Kabla ya kuurudisha mchezo tovutini, Sindano alikwenda saluni akamwomba msusi aje aujaribu. Msusi alikuja Jumamosi mchana, akaketi katika chumba cha ushonaji, akacheza akiwa amekunja uso.

"Mwanga uko sawa," alisema mwishoni. "Ila hii ngazi ya pangoni, giza tupu. Mtu hajui akanyage wapi."

Sindano alifungua mdomo kusema kwamba ngazi ile imekuwa hivyo tangu mwanzo na hakuna aliyelalamika. Akaufunga. Akachukua kalamu akaandika.

Mama yake, aliyekuwa akipindia suruali ya mteja, aliona yote. Msusi alipoondoka, mama alikata uzi kwa meno, akasema, "Miaka yote hii nashona, mwanangu, na hakuna kinachouma kama mteja kurudi na kusema nguo inambana. Unaitazama, mshono umenyooka, huoni kosa. Lakini wewe uko nje ya nguo, mwenzio yumo ndani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wapo watakaokusema kwa husuda, hao utawajua baada ya kupima walichosema. Kupima kwanza. Aliyejisumbua kukuambia kosa lako kwa tafadhali mbili, huyo amekupa kitu ambacho wanaokusifu hawana."

"Ndiyo, mama," Sindano alisema, na akaifungua ile ngazi ya pangoni aanze kuitia nuru.