Vibao Viwili vya Kajuju

Kila jioni, Kajuju wa darasa la sita alipitia studio ya shangazi yake, Kaari, karibu na uwanja wa Kinoru mjini Meru. Alipangusa vumbi, akapanga kanda, kisha akafanya hesabu huku akila ndizi za kuchoma. Mara nyingi hesabu zilibaki. Ndizi hazikubaki.

Kipaza sauti cha kamera ya shangazi kilikuwa kimeharibika, kwa hivyo picha ziliingia kwenye kanda na sauti kwenye kompyuta. Kila mashine ilikuwa na saa yake ya kuhesabu sekunde, na saa hizo hazikuanza pamoja. Ndiyo sababu Kajuju alikuwa na kazi ya maana: mashine zikishawaka, agonganishe vibao viwili mbele ya kamera. Pale vibao vilipokutana kwenye picha na mlio uliposikika kwenye kompyuta, hapo ndipo shangazi alipounganisha picha na sauti.

Jumamosi moja mwaka wa 1997 walikwenda kurekodi kwaya ya kanisa. Mithika, mwalimu wa kwaya hiyo kwa miaka ishirini, alikuwa mgonjwa kitandani kule Embu. Kanda ilikuwa zawadi yake, na mwanawe Runji angempelekea Jumanne asubuhi.

Shangazi aliwasha mashine. Mara Nyanya Ntinyari, mwimbaji mkongwe, akasema, "Tuombe." Wote wakafumba macho, hata shangazi. Kajuju aliona haya kugonga vibao watu wakiomba. Akavificha nyuma ya sketi.

"Uligonga?" shangazi alimuuliza baadaye.

"Ndiyo, shangazi."

Jumatatu jioni Kajuju alimkuta shangazi macho mekundu. Kwenye televisheni akina mama walifunga midomo, sauti zikaendelea.

"Mlio nausikia, lakini vibao sivioni," shangazi alisema. "Siku mbili nimetafuta. Nafikiri mwanzo wa kanda umeharibika. Runji ataenda mikono mitupu."

Kajuju alimpenda shangazi yake kuliko ndizi zote za Meru. Machozi yakamtoka.

"Sikugonga, shangazi. Watu walikuwa wanaomba."

"Na ukaniambia uligonga."

"Niliogopa utakasirika."

"Nimekasirika," shangazi alisema. "Lete kiti, ukae hapa. Huo mlio basi ni wa nini? Wewe hukufumba macho, ama?"

Kajuju aliinamisha kichwa. "Ni bakora ya Nyanya Ntinyari. Ilianguka sakafuni."

Walirudisha kanda. Kweli, bakora iliteleza polepole kutoka kwenye benchi, ikagonga saruji. Shangazi aliandika tarakimu za saa zote mbili, akaisogeza sauti mpaka mlio ukakutana na bakora. Nyanya Ntinyari akafungua kinywa, na sauti yake ikatoka papo hapo. Shangazi na Kajuju walikumbatiana.

Jumatano Runji alirudi na habari. Mwalimu Mithika aliicheka bakora mpaka akakohoa, kisha akaiongoza kwaya kwa kidole kimoja, akiwa kitandani, wimbo wote.

Shangazi Kaari alimkabidhi Kajuju vile vibao.

"Kuona haya si kosa," alisema. "Ungeniambia siku ileile, tungerudia. Uliponidanganya, nilitafuta kitu ambacho hakikuwepo, na mzee wa watu karibu akose zawadi yake. Uliposema ukweli, tulimaliza kwa dakika kumi. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, shangazi."

"Haya. Sasa toa zile hesabu."