Mtungi wa Saturnini

Mwalimu Felisian alikunja ngumi, ishara yake ya kukata wimbo, na wanaume wanne wakafunga vinywa. Sauti haikukatika. Iliendelea kule chini kabisa, nzito na tulivu, kwa muda wa kama pumzi moja, halafu ikazama.

"Nani hakuniangalia?" aliuliza.

Walitazamana, kila mmoja akidhani ni mwenzake. Felisian hakufuatilia. Ilikuwa saa kumi alasiri, bati la ghala la ufuta lilikuwa bado linachoma, na alikuwa amechoka kiasi kwamba hata jini angemwamkia, angeitikia tu na kuendelea na kazi.

Miaka ishirini na miwili alikuwa amefundisha kwaya kwenye vigango vya Ruangwa, makanisa madogo ya vijijini, na miaka yote hiyo hakuwahi kupata besi. Wanawake waliimba vizuri bila kusukumwa. Wanaume walikuja mazoezini baada ya kukesha mashambani wakifukuza nguruwe kwa makelele, makoo yamewakauka, ndipo awaambie washuke taratibu na wimbo wa Kilatini hadi sauti ya chini kabisa. Walipofika katikati walikuwa wakikohoa. Sasa, mwaka huo wa 1953, askofu alikuwa anakuja Nandagala siku ya Pentekoste, na padre alikwisha kumwambia Felisian, kwa upole sana, kwamba safari hii besi zisiposikika, kwaya atapewa mtu mwingine. Felisian hakuwa na mke wala mtoto. Kwaya ndiyo ilikuwa kila kitu alichokuwa nacho duniani.

Ndiyo maana alirudia njia aliyofundishwa yeye mwenyewe ujanani. Mwimbaji anapiga magoti, anaweka mdomo kwenye mtungi mtupu, anavuma polepole akishuka, mpaka mtungi wenyewe umwitikie. Ukiitikia, kifua kimejua sauti inakaa wapi. Aliagiza kila besi alete mtungi wa nyumbani kwake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana hakuna mwanamke wa Nandagala atakayetoa mtungi wake mzuri wa maji ukatemewe mate na wanaume. Kila mmoja alitoa ule asioutaka.

Uliotoka kwa Saturnini, mmoja wa wale wanne, ulikuwa mweusi, mzito, wenye shingo nyembamba, na haukufanana na mitungi ya pale. Ndio uliokuwa ukiitikia vizuri kuliko yote.

Wiki ya tatu Saturnini alikuwa ameshuka mahali ambapo Felisian hakuwahi kumsikia binadamu akishuka. Kipriani, besi aliyepiga magoti karibu naye, aliomba kuhama. Alisema mtungi wa mwenzake unanuka udongo uliofukuliwa na mizizi mibichi, na kwamba unaanza kuvuma kabla Saturnini hajaweka mdomo. Felisian alimwambia aache uvivu. Lakini usiku huo huo alilia kwa furaha peke yake, kwa sababu hatimaye alikuwa na besi.

Alhamisi kabla ya Pentekoste, Dionisia, mke wa Saturnini, alimfuata ghalani. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Mwalimu, mume wangu haongei tena," alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Nikimwuliza kitu ananijibu kwa ile sauti yenu. Akilala, kifua kinavuma, midomo imefungwa. Maji kwenye kikombe yanatetemeka. Kuku wote wamehamia kwa jirani."

Ndipo alipomweleza habari za mtungi. Saturnini aliwahi kuendesha trekta Nachingwea, siku zile za mradi wa karanga, walipokuwa wakikwatua msitu kwa minyororo iliyovutwa na matrekta. Chini ya mti mmoja wa tambiko alikuta mtungi umezibwa mdomo kwa nta. Mti ukang'olewa, wenzake wakakimbia, yeye akaupenda mtungi, akaibandua ile nta, akauleta nyumbani. Dionisia hakuwahi kuutia maji hata siku moja. Ulipohitajika mtungi wa kwaya, alishukuru Mungu kwamba unaondoka.

"Mimi ndiye niliyeutoa," alisema. "Nilitaka tu utoke nyumbani."

Kesho yake asubuhi Felisian, Dionisia na Saturnini walikwenda Mandawa na mtungi wao, kwa njia za porini ili waumini wenzao wasiwaone, hadi kwa Bi Mwanaima, mama wa Kiislamu aliyekuwa akifinyanga vyungu na kutibu watu wenye majini. Aliugusa mtungi kwa kidole kimoja, akakirudisha haraka. Kisha akaweka sikio kwenye kifua cha Saturnini, akasikiliza muda mrefu.

"Jini huyu alikuwa amelala mtungini," alimwambia Felisian. "Mmemwita wiki tatu, kila siku, kwa sauti anayoipenda. Mti wake umekufa, naye kapata kifua. Urudisheni mtungi kule ulikotoka, leo. Na mgonjwa asiimbe tena. Akiimba hata mara moja, jini hatoki."

Felisian alisikia kila neno. Baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakusikia.

Njiani kurudi alimwomba Dionisia siku mbili. Jumapili tu, alisema, wimbo mmoja tu, halafu yeye mwenyewe ataubeba mtungi hadi Nachingwea. Dionisia alimtazama mumewe, na Saturnini, aliyekonda hadi shati likamwanguka mabegani, alitikisa kichwa kukubali, au kitu kilikitikisa kichwa chake. Mwanamke hakumpinga mwalimu.

Jumapili kanisa lilijaa. Besi zilipoingia, askofu aliinua uso, kinamama waliacha kupepea watoto, vioo vya taa vilianza kulia kwa sauti nyembamba, na ile sauti ya Saturnini ilishuka na kuendelea kushuka, ikapita pale wimbo ulipoishia, ikaingia kwenye madawati na kwenye magoti ya watu, na harufu ya mizizi mibichi ikauzidi ubani, na Felisian, ambaye mkono wake ulikuwa juu tayari, hakukunja ngumi kwa wakati kwa sababu alikuwa hajawahi kusikia kitu kizuri namna ile na alijua hatakisikia tena.

Askofu alimshika mkono na kumpongeza. Felisian aliona aibu.

Jumatatu alifunga mtungi kwenye baiskeli, akaenda Nachingwea. Mti haukuwepo, wala shina, wala mtu wa kumwonyesha. Mashamba ya karanga yalikuwa yameachwa, nyasi zimeota kila upande, zote sawa. Alipiga magoti popote tu, akaweka mdomo kwenye mtungi, akavuma. Haukumwitikia. Ulikuwa mtungi mtupu kama mitungi mingine. Aliketi pale mpaka jua likazama, halafu akauacha nyasini.

Aliporudi Nandagala, Saturnini alikuwa amekufa.

Walimzika Jumatano, saa nne asubuhi, jua limewaka. Felisian hakulala siku mbili, lakini kwaya ilikuwa yake, akaanzisha wimbo wa marehemu. Besi walikuwa watatu sasa, Kipriani na ndugu wawili walima ufuta. Walipofika mwisho wa ubeti alikunja ngumi, nao wakafunga vinywa.

Sauti haikukatika.

Ilitoka kwenye jeneza, chini, tulivu, ikishika wimbo barabara kama alivyomfundisha. Waliobeba jeneza waliliweka chini, wakarudi nyuma. Felisian alikunja ngumi tena, akaikaza mpaka kucha zikamwingia kiganjani.

Dionisia hakulia. Alikuja akasimama mbele yake.

"Mwambie anyamaze, Mwalimu," alisema. "Wewe ndiye uliyemfundisha."