Kichwa cha Gunia

Baridi ya Makambako haipigi hodi. Kila asubuhi Jitendra alivaa makoti mawili, ndipo akafungua duka lake la magunia, kamba na sindano za kushonea. Babu yake alitoka India, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, na India aliijua kwa kuiona kwenye televisheni. Akina mama walioleta viazi walimsalimu, "Kamwene," naye akaitikia kwa Kibena kama jirani yeyote.

Binti yake, Hetal, alikuwa amemaliza kidato cha sita Njombe. Chuo kilimpa nafasi ya kusomea uandishi wa habari. Ada ndiyo iliyowashinda. Bila msaada, nafasi ile ingekwenda na maji.

Kisha wakasikia habari za mfuko mmoja wa ufadhili. Ulisaidia vijana wenye asili ya India na nchi jirani zake, popote walipozaliwa, mradi wasomee uandishi wa habari. Jitendra alishangaa kweli. Kumbe kuna watu mahali fulani wanaomfikiria mtoto wa muuza magunia wa Makambako!

Wakafanya kama wafanyavyo wengi mjini: wakaenda steshenari. Mwenye steshenari alichukua barua ya maombi iliyokuwa tayari kwenye kompyuta yake, akabadilisha jina tu. Hetal hakuwa na barua pepe, basi mwenye steshenari akaweka yake. Dakika kumi, kazi imekwisha. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikumbuka siku ile?

Walisubiri miezi miwili. Kimya.

Siku moja jirani yao Rosemary, mtangazaji wa redio, alikuja kununua kamba. Jitendra akamlalamikia kwamba wale watu wamewasahau.

"Mliandika barua pepe ya nani?" Rosemary akauliza.

Wakamchukua Hetal, wakaenda wote steshenari. Ujumbe ulikuwepo, una siku kumi na tisa, umefunikwa na jumbe za watu wengine. Ulisema: barua yako inafanana na za waombaji wengi. Andika yako mwenyewe, ututumie na habari moja uliyoitafuta wewe, kabla ya tarehe ya mwisho iliyo hapa chini. Siku ile ilikuwa Jumanne, na tarehe hiyo ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo.

Jitendra akakaa kwenye benchi. Rosemary hakuwagombeza. Alimwonyesha Hetal jinsi ya kufungua barua pepe yake mwenyewe, yenye neno la siri analolijua peke yake. Akamwambia asome masharti yote kabla ya kujaza chochote, na ampigie mwalimu wake wa Njombe leo hii amwombe barua ya kumtambulisha. Tena, akasema, mtu akidai hela ili akupatie ufadhili, shtuka, huyo huenda ni tapeli.

"Na habari niandike ya nini, dada?" Hetal aliuliza.

"Ya kitu unachokijua wewe kuliko wao."

Hetal akatazama nje. Mama mmoja alikuwa anauza lumbesa: gunia la viazi lililojazwa mpaka likapita mdomo, likashonewa kichwa kwa kamba. Mkulima hulipwa gunia moja, mnunuzi huondoka na zaidi.

Siku mbili alizunguka sokoni na daftari. Aliwauliza wakulima, aliwauliza wanunuzi, alipima magunia kwenye mizani. Alhamisi mchana akasimama mbele ya kaunta ya baba yake.

"Baba, kamba za kushonea kichwa cha gunia zinatoka wapi?"

Jitendra akacheka. Hetal hakucheka. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi, inangoja.

"Unaniuliza kama mwanangu?"

"Nakuuliza kama mwandishi."

Jitendra alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Miaka thelathini alikuwa ameuza kamba zile, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Aliwafikiria wateja wake na wafanyabiashara wenzake, watakavyosema. Aliona aibu, na juu ya aibu ile aliona fahari asiyoweza kuieleza.

"Zinatoka hapa," akasema. "Nauza mimi. Andika, na jina langu uliweke."

Ijumaa asubuhi Hetal alituma kila kitu kwa barua pepe yake mwenyewe, pamoja na barua ya mwalimu.

Wiki tano baadaye jibu lilikuja, kwa Kiingereza. Hetal alilisoma na kuwatafsiria wazazi wake. Amepata ufadhili, wa miaka yote ya masomo. Wafadhili wakaongeza kwamba wengi huandika makosa ya watu wa mbali, ila wachache huanza kuuliza nyumbani kwao. Jitendra alimwomba arudie maneno hayo. Watu asiowajua, kutoka ng'ambo, wameliona duka lake dogo la Makambako kupitia macho ya mtoto wake. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Hetal alipoondoka kwenda chuoni, mbele ya duka palikuwa na mizani mpya na kibao: PIMA KWANZA, BURE. Wakulima walikuwa wamepanga foleni.

"Kamwene, Baba Hetal," mama mmoja akasema, akishusha gunia lake. "Miaka yote hii hukuweka mizani. Leo imekuwaje?"

"Mwanangu aliniuliza swali," Jitendra akajibu, akainama kumsaidia kulipandisha gunia juu ya mizani.